Fungu la Maiti

Arusha ni mji wa watu waliokuja. Mlima una wenyewe, Wameru na Waarusha, lakini mitaa iliyo chini yake imejaa watu walioshuka kwenye basi na begi moja: mchuuzi wa Singida aliyepanga Unga Limited, Mpare mwenye duka Kaloleni, Msomali wa Ngarenaro ambaye babu yake alifika enzi za ukoloni, Mkenya, Mrundi, Mkongo. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulipoamua kwamba mahakama ya kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda iketi hapa, walikuja pia wakalimani, madereva, wapishi na washonaji. Mahakama hiyo ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, ila si wote walioondoka nayo. Wengine walikwisha kuoa na kununua kiwanja Muriet au Moshono. Na penye wageni hapakosi chama.

Chama cha kisa hiki kilikuwa cha kufa na kuzikana. Watu wake nimewatunga, na nchi waliyotoka ng'ambo ya mpaka siitaji, kwa sababu sitaki msomaji amalize ukurasa huu akimnyooshea kidole jirani. Waliyoyafanya sikuyatunga. Hufanyika Sakina, hufanyika Usa River, hufanyika popote watu wa kwao mmoja wanapoishi katikati ya watu wa kwao kwingine.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi walikutana kwenye ukumbi mdogo kando ya barabara ya Namanga, na kila kaya ikatoa shilingi elfu kumi. Katiba yao ilieleza mwanachama akifiwa na mzazi apewe nini, akifiwa na mtoto apewe nini, na akifa yeye au mwenzi wake, chama kinunue sanduku, kilipie gari na vibali, kimfikishe kwao. Ugenini hilo si jambo dogo. Wapo wanaovumilia njaa lakini hawawezi kuvumilia wazo la kuzikwa mahali ambapo hakuna atakayelitambua kaburi lao.

Katibu wa chama alikuwa dalali wa mazao soko la Kilombero, mtu wa watu. Ndiye aliyekwenda Namanga kuwapokea wapya, akawatafutia chumba, akawadhamini kwa mwenye nyumba, akawaelekeza Uhamiaji. Karibu kila mwanachama aliwahi kulala sebuleni kwake usiku wa kwanza alipofika. Fadhila ya namna hiyo hailipiki, na asiyeweza kuilipa huona haya kumhukumu aliyemfadhili.

Mkewe alimfuata baadaye, kwa kibali cha mtegemezi kilichofungwa kwenye kibali cha mume. Pasipoti yake ikawekwa kabatini "isipotee". Laini yake ya simu ikasajiliwa kwa alama za vidole za mume, "kupunguza usumbufu". Walipanga Usa River, vyumba viwili kwenye uwa wa mama mmoja wa Kimeru ambaye wapangaji wote walimwita Bibi. Mke akapata kazi kwenye shamba la maua, kufunga waridi zinazosafirishwa Ulaya. Mshahara ulitumwa kwa simu. Simu ilikuwa mkononi mwake, lakini laini ilikuwa ya mume, na namba ya siri aliijua mume.

Alipopigwa mara ya kwanza ya kuonekana, alikwenda kwa mke wa mwenyekiti. Alikaribishwa chai, akafutwa machozi, kisha akaulizwa: "Ulimfanya nini mpaka akafika huko?" Akaambiwa ndoa ni kuvumiliana, na kwamba mwanamume wa aina ile, anayesaidia ukoo mzima, ana mengi kichwani. Alirudi nyumbani kabla ya magharibi.

Mara ya pili jicho lilifunga, watu wakaliona, na mwenyekiti akalazimika kuitisha kikao cha wazee watatu. Mume hakukana. Aliomba radhi kwa unyenyekevu hata mzee mmoja akasema moyo wa mtu huyu ni mwema, mkono tu ndio mwepesi. Akatozwa mbuzi na kitenge. Kitenge kilikwenda kwa mke, mbuzi akaliwa na kikao. Mzee wa pili akatoa methali: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Shauri likaandikwa kuwa limekwisha.

Mara ya tatu hapakuwa na jicho la kuonyesha. Palikuwa na sauti iliyokwaruza na alama nyembamba chini ya kidevu. Alikwenda kwa mchungaji wao. Mchungaji alimwombea, akamtaka afunge siku tatu, akamwita mume kwa mazungumzo ya faragha. Mume akaeleza kwamba hakumpiga, alimshika tu shingo ili amsikilize. Mchungaji alishukuru Mungu kwamba safari hii hakumpiga.

Kazini msimamizi aliona mfungaji wake hodari amevaa nguo za mikono mirefu na kujifunga skafu ndani ya kitalu nyumba, mahali ambapo watu huloa jasho kabla ya saa nne. Aliona pia kwamba siku za kukosa kazi zinaongezeka. Alimkata siku hizo, kama taratibu zinavyotaka.

Bibi mwenye nyumba ndiye aliyesikia yote, kwa sababu ukuta ulikuwa mmoja. Asubuhi moja alimwambia mwanamke yule: "Mwanangu, jifunge kitambaa twende polisi." Kabla hawajafika getini mwenyekiti wa chama alikuwa amekwisha kupigiwa simu. Alikuja kwa pikipiki, akamsalimia Bibi kwa heshima zote, akasema: "Shikamoo Bibi. Tunakushukuru. Lakini haya ni mambo yetu. Sisi ni wageni, tukianza kupelekana polisi tutarudishwa kwetu wote." Bibi aliwaza kwamba binti ana watu wake, na mtu wa pembeni hapaswi kuingilia. Akaondoa kilemba chake, akarudi jikoni.

Mwishowe mwanamke aliamua kuondoka. Alimwuliza mweka hazina kama anaweza kukopeshwa nauli ya kumfikisha kwao. Mweka hazina alifungua katiba kwa nia njema kabisa, akaipitia ukurasa kwa ukurasa. Palikuwa na fungu la maiti, fungu la rambirambi, fungu la arusi na fungu la mgonjwa aliyelazwa. Nauli ya mwanachama aliye hai na mzima haikuwamo.

Akamwambia siri rafiki yake mmoja wa chamani: siku, saa na basi. Rafiki alimpenda kweli, na kwa kumpenda akaona uchungu nyumba ikivunjika. Akamdokeza mke wa mwenyekiti. Mke akamwambia mwenyekiti. Mwenyekiti, akitaka kuzuia aibu, akampigia katibu wake: "Bwana, kaeni chini muongee na mkeo kabla hajafanya uamuzi."

Usiku huo mwanamke alikufa. Namna alivyouawa haimsaidii msomaji.

Sasa chama kikaonyesha uwezo wake. Michango ilipatikana kwa siku mbili. Sanduku lilinunuliwa zuri, gari likakodiwa, vibali vikashughulikiwa na watu wanaozijua ofisi zote. Pasipoti ambayo mwenyewe aliililia miaka yote ilitoka kabatini mchana uleule, kwa kuwa mpakani hata maiti huulizwa hati. Msafara ukapanda barabara ya Namanga. Mume alikuwa mahabusu, na kosa la kuua halina dhamana, kwa hiyo wachache waliochanga kwa ajili yake walichanga pesa za wakili.

Msibani kila mtu aliuliza swali moja: mbona hakusema?

Alisema. Alimwambia mke wa mwenyekiti, akawaambia wazee, akamwambia mchungaji, akamwambia rafiki. Kwa nguo alizovaa alimwambia msimamizi, na Bibi alisikia bila kuambiwa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyemtakia mabaya, na kila mmoja alimpa kitu: chai, kitenge, sala, ushauri. Hapo ndipo penye mafunzo. Watu wabaya hawahitaji kufundishwa na makala kama hii. Wanaohitaji ni wema ambao msaada wao ulimsogeza mwanamke yule hatua baada ya hatua kuelekea kwenye fungu pekee alilostahili kikatiba.

Funzo la kwanza ni la mke wa mwenyekiti. Aliyepigwa haulizwi alifanya nini. Swali hilo linaonekana la kawaida kwa sababu tumelelewa nalo: utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulionyesha kuwa asilimia 58 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikubali kwamba zipo sababu zinazompa mume haki ya kumpiga mkewe, ziwe ni kuunguza chakula au kutoka bila kuaga. Wanawake wenyewe ndio walioulizwa. Basi anayekimbilia kwa mwanamke mwenzake hana hakika kwamba amekimbia. Jibu linalosaidia ni fupi: nakuamini, si kosa lako, leo unalala wapi? Baada ya hapo huandikwa tarehe na kilichotokea, majeraha hupigwa picha, na picha hizo hukaa kwenye simu ya mwingine.

Funzo la pili ni la wazee, na ni gumu zaidi kwa sababu kusuluhisha ni fahari yao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila inasema vingine. Kwa hiyo waliokuwa wakikalia lile jicho hawakuwa na ugomvi wa mume na mke mbele yao. Walikuwa na kosa la jinai, na kosa la jinai haliishi kwa mbuzi. Ni kweli kwamba sheria hiyohiyo inataka shauri la talaka lipitie kwanza Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na wengi hukariri sehemu hiyo tu. Wanaacha kusema kwamba kifungu cha 101 kinaruhusu mahakama kuliondoa sharti hilo panapokuwa na mazingira yasiyo ya kawaida, na kwamba kwenda polisi kushitaki kipigo hakungojei baraza lolote. Tena usuluhishi hutaka pande mbili zinazoweza kusema zitakacho. Mtu anayejua kwamba atarudi nyumba moja na aliyempiga, jioni ileile, atakubali lolote kikaoni. Ile methali ya jembe na kapu inahusu ndugu waliogombana wakiwa na nguvu sawa. Haikutungwa kwa ajili ya mtu anayenyongwa.

Funzo la tatu ni la mchungaji, na ni la shingo. Kati ya ishara zote za hatari, hii ndiyo inayodharauliwa kuliko zote kwa kuwa huacha alama ndogo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2008 ulikuta kwamba mwanamke aliyewahi kukabwa na mwenzi wake ana uwezekano wa kuuawa naye unaozidi mara saba ule wa mwanamke anayepigwa bila kuwahi kukabwa. Sauti iliyokwaruza, kumeza kwa shida, wekundu machoni, kupoteza fahamu hata kwa kitambo kifupi: hayo ni mambo ya hospitali, siku hiyohiyo. Polisi hutoa fomu namba 3, PF3, ambayo daktari huijaza na baadaye fomu hiyo husimama mahakamani kama ushahidi. Ikiwa amebakwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinapaswa kuanza ndani ya saa 72. Katika baadhi ya hospitali kubwa kuna vituo vya Mkono kwa Mkono, ambapo mganga, polisi na ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja ili mtu asirudie hadithi yake milango mitatu. Sala ina nafasi yake, ila iombwe njiani kuelekea huko.

Funzo la nne ni la msimamizi, na kwa kupitia yeye, la kila mwajiri kuanzia Tengeru hadi Ngaramtoni. Mshahara ulipwe kwa akaunti au laini ya mfanyakazi mwenyewe. Mgeni anaweza kusajili laini kwa pasipoti yake, na ndiyo maana pasipoti hufichwa. Anayeishikilia anashika pia mshahara, simu na mpaka. Vilevile, siku za kukosa kazi zinazoandamana na skafu kwenye joto zinapaswa kuulizwa faraghani kabla hazijakatwa kwenye malipo. Kwa mwanamke asiyeruhusiwa kwenda kokote isipokuwa kazini, kazini ndiko mahali pekee anapoweza kusemea.

Funzo la tano ni la Bibi. Adabu yake ilikuwa kubwa, na ndiyo iliyomshinda. Alidhani penye watu wa kwao mgeni hana haja na mwenyeji. Ukweli ni kinyume. Katika uwa ule mzima yeye peke yake hakuwa na deni kwa katibu, hakuogopa Uhamiaji, na alimjua mwenyekiti wa kijiji kwa jina la utotoni. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, ibara ya 14, inampa haki ya kuishi na kulindwa kila mtu, na haikuweka sharti la uraia. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea mlalamikaji bila kujali kibali chake ni cha nani. Ngazi za chini zina kamati za ulinzi wa wanawake na watoto, zina afisa ustawi wa jamii, na tangu Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 wapo wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa ambao hawatozi ada. Chama cha wanasheria wanawake Tanzania, TAWLA, kina ofisi Arusha. Mgeni hazijui njia hizi. Mwenyeji anazijua, au anamjua anayezijua. Kama binti ana hofu ya kibali, jambo hilo liulizwe kwanza kwa msaidizi wa kisheria au ubalozi wake, si kwa mwenyekiti wa chama anayeogopa aibu. Na pasipoti si mali ya mume. Ni mali ya serikali iliyoitoa, na serikali hiyo inaweza kutoa hati ya dharura ya kusafiria.

Funzo la sita ni la rafiki, na hapa mji wenyewe unatufundisha. Katika jengo la mikutano la AICC, katikati ya Arusha, wanawake wa tarafa ya Taba nchini Rwanda walisimama mbele ya majaji wa ile mahakama ya mauaji ya kimbari kueleza waliyotendewa. Hati ya mashitaka dhidi ya aliyekuwa meya wao, Jean-Paul Akayesu, ilirekebishwa Juni 1997 baada ya ushahidi wa baadhi ya wanawake hao, na tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ikaamua, kwa mara ya kwanza duniani, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Kumbukumbu za kesi hiyo hazina majina yao. Wameandikwa kwa herufi: shahidi J, shahidi H, shahidi JJ. Mahakama ilikuwa na kitengo kizima cha kuwasafirisha, kuwahifadhi na kuwarudisha bila watu wa mshitakiwa kujua njia. Hawakufichwa kwa sababu wana aibu. Walifichwa kwa sababu saa ya hatari kuliko zote ni ile mtu anapoamua kusema au kuondoka. Anayetawala mwingine kwa mkono hushtuka zaidi anapohisi mkono unamponyoka. Basi siku, saa na basi havidokezwi kwa yeyote asiye na kazi ya kufanya katika safari hiyo, hata awe mwema kiasi gani. Wema wa mke wa mwenyekiti ulisafiri haraka kuliko basi.

Msomaji anaweza kusema kisa hiki kimekazwa mno, kwamba mwanamke mwenye kipato chake na jina lake asingenaswa hivyo. Rebecca Cheptegei alikuwa na vyote viwili. Alikuwa Mganda, askari wa jeshi la nchi yake na mkimbiaji wa mbio ndefu, aliyenunua ardhi na kujenga Endebess, kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, karibu na wanakofanyia mazoezi wanariadha. Tarehe 11 Agosti 2024 alishika nafasi ya 44 katika marathoni ya Olimpiki mjini Paris. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, mwanamume aliyewahi kuwa mpenzi wake alimmwagia petroli na kumchoma moto nyumbani kwake. Alifariki tarehe 5 katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 33, na akazikwa kwao Bukwo kwa heshima za kijeshi. Baba yake aliwaambia waandishi wa habari kwamba malalamiko yalikwisha kupelekwa polisi kabla ya hapo. Kenya ina sheria ya kuzuia ukatili wa majumbani tangu 2015, na Uganda tangu 2010. Tanzania Bara haina sheria mahususi ya namna hiyo, ingawa mahakama yenye shauri la ndoa mbele yake inaweza kumzuia mume kumbughudhi mkewe. Ikiwa penye sheria watu wanakufa, pasipo na sheria hiyo majirani wana kazi kubwa zaidi. Na penye kulalamika polisi, kazi haijaisha. Lazima pawe na mahali pa kulala usiku unaofuata.

Wanariadha wenyewe walilielewa hilo mapema. Agnes Tirop, aliyepata medali ya shaba ya mita 10,000 katika mashindano ya dunia ya 2017 na 2019, aliuawa kwa kuchomwa kisu nyumbani kwake Iten mwezi Oktoba 2021. Wenzake hawakuishia kuchanga rambirambi. Waliunda Tirop's Angels, kikundi cha kuwasikiliza na kuwasaidia wanawake walio hatarini. Yaani watu waliokuwa wakikutana kwa ajili ya mbio waliongeza shughuli ya pili, kuokoana, na hawakuhitaji kuvunja ile ya kwanza.

Vyama vyetu vinaweza kufanya hivyohivyo bila kuandika upya katiba nzima. Vifungu vitatu vinatosha.

Kwanza, fungu la dharura ya aliye hai: nauli, chumba cha wiki mbili, gharama za hospitali na za hati. Litunzwe na wanawake wawili waliochaguliwa, ambao wanaweza kulitoa usiku kwa kukubaliana wao wawili, na wakatoa hesabu ya kiasi bila kutaja jina wala sababu mbele ya kikao. Lisiwe mkopo. Anayekimbia hana haja ya deni jipya kwa watu walewale.

Pili, chama kisisikilize shauri lolote la kipigo. Kazi yake iwe kumsindikiza aliyeumizwa hadi hospitali na Dawati, na kumtafutia pa kukaa kwa mtu ambaye mume hamjui, ikiwezekana mwenyeji asiye wa chama. Mwanachama anayetuhumiwa aachie uongozi mpaka shauri liishe, hata kama ndiye aliyetupokea sote Namanga. Shukrani kwake tumlipe kwa njia nyingine.

Tatu, kila mtu mzima ashike hati zake mwenyewe. Siku mgeni mpya anapokaribishwa, mke aitwe pembeni na wale wanawake wawili, aulizwe pasipoti iko wapi, nakala zake zitolewe na kuwekwa nje ya nyumba yake, asaidiwe kusajili laini kwa jina lake, na aonyeshwe Dawati liliko kabla hajalihitaji. Kumwonyesha mtu soko bila kumwonyesha mlango huo ni kumpokea nusu.

Wapo watakaosema haya yataharibu umoja. Umoja wa watu wa kwetu ulikuja kutukinga na upweke wa ugenini, na ni neema. Lakini unapoanza kumkinga mpigaji na macho ya nje, unakuwa umehamia upande wake, hata kama hakuna aliyepiga kura. Wengine watasema tutamwaibisha mwenzetu mbele ya wenyeji. Wenyeji wanasikia. Ukuta ni mmoja.

Kwa hiyo Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao, kabla ya mapato na matumizi kusomwa, mwenyekiti wa chama chochote cha wageni, Arusha au kwingineko, aweke ajenda hii moja mezani: mwanamke wetu akigonga mlango usiku wa leo, nani atamfungulia, nani ana nauli, na nani anajua kunyamaza? Yatajwe majina matatu ya watu waliokubali kazi hiyo. Yasipopatikana, kikao kisifungwe.